KURT HAHN, MWALIMU ALIYEWADAI WANAFUNZI WAKE WA ZAMANI

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mlio bado madarasani, safari hii nimechagua kuwasimulia maisha ya Kurt Hahn. Wengi wetu tunalijua jina lake kwa ajili ya shule ya Outward Bound ya Loitokitok, iliyofunguliwa miaka ya 1950 chini ya Mlima Kilimanjaro. Kwangu mimi, jambo lake kubwa ni barua moja.

Hahn alizaliwa Berlin tarehe 5 Juni, 1886, katika jamaa ya Kiyahudi yenye uwezo. Alisoma kwao Ujerumani na huko Oxford, Uingereza, akawa mtu wa lugha mbili. Baadaye alikuwa katibu wa Prince Max wa Baden, Chansela wa mwisho wa Kaisari. Mwaka 1920 wawili hao walifungua shule katika kasri la Salem, karibu na Ziwa Bodensee.

Hahn aliamini kwamba mtoto hajengwi na mitihani peke yake. Alitaka pia kazi za mikono, michezo, muda wa kukaa kimya na kutafakari, na kuwatumikia jirani. Tena alitaka watoto wa wakubwa wachanganyike na watoto wa watu wa kawaida, wasije wakalewa vyeo vya baba zao.

Mwezi Agosti, 1932, katika kijiji cha Potempa, wafuasi wa Hitler walimwua mfanyakazi mmoja nyumbani kwake, mbele ya mama yake. Wauaji walipohukumiwa kifo, Hitler aliwaunga mkono hadharani. Ndipo Hahn alipowaandikia wanafunzi wa zamani wa Salem: aliyemo katika vikosi vya Hitler na achague, ama Hitler ama Salem.

Hitler alipotwaa serikali, Hahn alitiwa kifungoni, Machi 1933. Rafiki zake wa Uingereza walimtetea, hata Waziri Mkuu Ramsay MacDonald, akafunguliwa, na Julai akahamia kwao.

Hakukaa kulia. Mwaka 1934 alianzisha Gordonstoun, Scotland, ambako wanafunzi walishika zamu ya kulinda pwani. Mwaka 1941, pamoja na Lawrence Holt mwenye meli, alianzisha Outward Bound huko Aberdovey, Wales, ili mabaharia vijana wajifunze kustahimili bahari. Mwaka 1962 kilifunguliwa Chuo cha Atlantic, wakae pamoja vijana wa mataifa mbalimbali. Shule ya Kimataifa ya Moshi, iliyoanza mwaka 1969, imeingia katika ukoo huo, na tangu 2019 inaitwa UWC East Africa.

Hahn alifariki tarehe 14 Desemba, 1974, karibu na Salem yake. Shule hiyo ingalipo, nayo hufundisha kwa Kijerumani na Kiingereza watoto wa nchi nyingi.

Sisi wa mikutano hii tumezoea kudaiwa michango ya mabati na vitabu, na tunatoa. Hahn alidai dhamiri. Wapo watakaosema kwamba mwalimu hana amri juu ya mtu mzima. Mimi nasema shule iliyokulea ina haki ya kukuuliza unamtumikia nani. Vijana, lijibuni swali hilo mapema, kabla hamjaletewa barua.