Al-Biruni na Bilauri ya Zanji

Kwetu Ozi, karibu na mahali Mto Tana unapoingia baharini, bibi yangu alikuwa na bilauri mbili tu, naye hakuzitoa kabatini ila kwa mgeni wa heshima. Utotoni nilidhani bilauri ni gilasi ya kunywea maji, basi. Nimekwisha kuota mvi ndipo nikajua kwamba asili ya neno hilo, huko Uarabuni, si kioo. Ni jiwe: lile jiwe jeupe linaloonyesha ng'ambo, ambalo halikupikwa na fundi yeyote. Aliyenifumbua macho ni bingwa aliyefariki karibu miaka elfu iliyopita, Abu Raihan al-Biruni.

Alizaliwa mwaka 973, yaani 362 wa Hijria, katika nchi ya Khwarazm, ambayo leo sehemu yake imo Uzbekistan. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka nchi hiyo, na al-Biruni akachukuliwa pamoja na wataalamu wengine mpaka Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Huko alijifunza Kisanskrit, akaandika kitabu kikubwa juu ya Bara Hindi, akapima ukubwa wa dunia kwa kupanda mlima na kutazama upeo wa macho. Hayo wengi wameyasikia. Mimi nataka kuzungumza juu ya mawe.

Al-Biruni hakutosheka na maneno ya wauza vito. Alitengeneza chombo chenye mrija ubavuni, akakijaza maji hadi usawa wa mrija, kisha akatumbukiza jiwe. Maji yaliyosukumwa yalitoka yakaingia katika sahani ya mizani, naye akayapima. Hivyo alijua uzito wa kila jiwe ukilinganishwa na maji. Bilauri leo twaijua kuwa ni nzito kama mara 2.65 kuliko maji, na hesabu za mzee yule hazikuwa mbali na za maabara zetu.

Uzeeni, enzi ya Sultani Maudud, aliandika kitabu cha vito. Humo mna bilauri, mna kioo, na hata vyombo vya Kichina. Bilauri na kioo ni ndugu. Asili yao ni kitu kilichomo katika mchanga mweupe, ambacho wataalamu hukiita silika (si ile silika ya mtu). Katika bilauri chembe zake zimejipanga safu safu kama waumini katika sala ya jamaa. Katika kioo zimesimama kama watu sokoni. Mchanga peke yake hauyeyuki mpaka joto la nyuzi 1,700 hivi, kwa hiyo mafundi wa Iraki na Shamu waliutia majivu ya mimea ya ardhi ya chumvi, ukayeyuka mapema. Majivu hayo wanasayansi wa leo huyatambua ndani ya kioo cha kale kwa potasiamu na magnesiamu iliyomo.

Lakini kilichonishika ni habari ya Basra. Al-Biruni aeleza kwamba bilauri ililetwa mjini humo kutoka visiwa vya Zanji na vya Dibajat, upande wa Maldives. Palikuwa na mkadiriaji aliyelitazama kila pande, akaamua lifae kitu gani, akaandika juu yake, ndipo likapelekwa kwa wachongaji. Ujira wake ulizidi wa wachongaji mara nyingi, kwa kuwa elimu si sawa na kazi ya mikono. Na yule wa Zanji aliyelichimba na kulipakia jahazini? Hatajwi hata kidogo. Simlaumu sana al-Biruni, kwani hakufika kwetu. Wala sithubutu kusema jiwe hilo lilitoka Ozi. Sisi tuna matope na mikoko. Ila huko Shanga, kisiwani Pate, vipande vya bilauri vimefukuliwa, na Dembeni katika kisiwa cha Mayotte vimeonekana vingi vilivyotoka Bukini. Basi mtu yule alikuwapo.

Al-Biruni alifariki Ghazna yapata mwaka 1048. Yasimuliwa kwamba fakihi mmoja alikwenda kumzuru, akamkuta roho i karibu kutoka. Mgonjwa akamwuliza mas'ala ya mafungu ya mabibi katika mirathi. Mgeni akaona huruma kumchosha katika hali ile, lakini mzee akashika kwamba ni afadhali aiage dunia akiyajua kuliko kuiaga hayajui. Akaelezwa, akayarudia, akayahifadhi. Fakihi akatoka, na kabla hajafika mbali njiani akasikia kilio nyuma yake.