Roald Dahl: Mfanyakazi wa Dar es Salaam Aliyenusurika Ajali ya Ndege ya Kivita

Roald Dahl anafahamika duniani kwa vitabu vyake vya watoto, lakini njia iliyomfikisha kwenye urubani wa vita na hatimaye uandishi ilianzia Dar es Salaam.

Dahl alizaliwa Septemba 13, 1916 huko Llandaff, Wales, kwa wazazi waliotoka Norway. Mwaka 1934 aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 akahamishiwa Tanganyika, ambako alijifunza Kiswahili na kusafiri mikoani kuwahudumia wateja.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza Septemba 1939, alikabidhiwa kikosi kidogo cha askari wa Keya kuziba barabara itokayo Dar es Salaam kuelekea kusini, ili raia wa Ujerumani wasivuke kwenda Msumbiji. Barabara hiyo hupita katika nchi ya Wazaramo, ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Pwani wenye wilaya za Kibaha na Kisarawe.

Novemba mwaka huo aliendesha gari hadi Nairobi na kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza. Huko alifunzwa urubani kwa Tiger Moth, ndege nyepesi ya mafunzo isiyo na paa. Kwa kuwa kimo chake kilikaribia mita 2, kichwa chake kilitokeza juu ya kioo, hata akalazimika kujifunga kitambaa puani na mdomoni ili aweze kupumua. Wengi wa vijana aliofunzwa nao hawakuuona mwisho wa vita.

Septemba 19, 1940, akiwa ndiyo kwanza amepangiwa Kikosi cha 80, aliagizwa kupeleka ndege ya kivita aina ya Gloster Gladiator kwenye uwanja wa muda katika jangwa la Misri. Alipofika mahali alipoelekezwa, hapakuwa na uwanja. Giza lilikuwa likiingia na mafuta yakikaribia kwisha, akalazimika kutua jangwani. Ndege iligonga ardhi kwa kishindo na kuwaka moto. Alijiburuta nje akiwa amepasuka fuvu, amevunjika pua na macho hayaoni. Uchunguzi ulibaini kuwa maelekezo aliyopewa hayakuwa sahihi.

Baada ya matibabu mjini Alexandria, alirejea angani na kupigana Ugiriki Aprili 1941, kabla ya maumivu makali ya kichwa kumwondoa vitani. Mwaka 1942, akiwa Washington, alichapisha simulizi yake ya kwanza, ambayo iliwafanya wasomaji waamini kwamba alitunguliwa na adui. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1986 alieleza bayana kuwa haikuwa hivyo.

Dahl alifariki dunia Novemba 23, 1990 mjini Oxford, akiwa na umri wa miaka 74.