Sokoine, mbunge wa watu wa mpakani

Kila nikivuka Namanga na mzigo wangu wa vitenge, namkumbuka marehemu Edward Moringe Sokoine. Wengi wanamjua kama Waziri Mkuu wa Tanzania. Wachache wanakumbuka kuwa sisi wa Namanga alikuwa mbunge wetu.

Alizaliwa Monduli mwaka 1938. Alisoma Monduli na Umbwe, akajiunga na TANU mwaka 1961, akaenda Ujerumani kusomea utawala, kisha akarudi kuwa ofisa mtendaji wa Halmashauri ya Masai. Mwaka 1965 aligombea ubunge. Chama kilikuwa kimoja, lakini wananchi waliletewa wagombea wawili, mmoja jembe, mwingine nyumba. Sokoine akashinda, akiwa na miaka 27. Alianza na Masai, baadaye Monduli.

Mwaka 1967 akawa naibu waziri, mwaka 1972 Waziri wa Ulinzi, na Februari 1977 Waziri Mkuu. Mwezi huohuo mpaka wa Kenya ukafungwa. Wapiga kura wake walikuwa na ndugu, malisho na minada upande wa pili. Waliobaki na njaa ya biashara walishika njia za panya.

Aliacha uwaziri mkuu mwaka 1980, akarudishwa Februari 1983. Mwezi uliofuata ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sukari, sabuni na mafuta vilikuwa adimu, na watu walitupa mali usiku kwa hofu. Mama yangu alikuwa na katoni mbili za sabuni kutoka ng'ambo. Alizifukia nyuma ya banda la mbuzi, nami nikimshikia koroboi. Jirani yetu, aliyekuwa na debe moja tu la mafuta, alichukuliwa. Tulidhani mbunge wetu angetuonea huruma sisi wa nyumbani. Haikuwa hivyo.

Novemba 1983 marais wa Kenya, Uganda na Tanzania walikutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Mama alivuka mchana kweupe, akarudi na sabuni kichwani.

Aprili 12, 1984, Sokoine alikuwa akitoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam. Ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro, ikamuua akiwa na miaka 45. Alizikwa Monduli Juu. Mama, yuleyule aliyefukia sabuni, alilia siku nzima. Nilipomuuliza, alijibu kuwa mtu yule alituumiza, lakini hakutuibia.

Siku hizi Namanga iko jimbo la Longido. Nanyi mnaorudi nyumbani na mabegi yenu, na nyie wenzangu wa biashara, mtakapoombwa kura, kumbukeni kipimo cha mama. Mbunge anaweza kukukasirisha akabaki wako. Akishakuibia, hata akikupa sabuni ya bure, si wako tena.