Ignacy Domeyko: mkimbizi aliyeyajua mawe ya jangwa la Atacama

Leo tunakwenda mbali, mpaka nchini Chile, Amerika ya Kusini. Huko kuna jangwa la Atacama, mojawapo ya sehemu kavu kuliko zote duniani. Tunamzungumzia Ignacy Domeyko, mwalimu aliyezunguka machimboni akikusanya mawe na kuyapima.

Domeyko alizaliwa mwaka 1802, katika eneo ambalo leo liko Belarus. Wakati huo kwao kulitawaliwa na Urusi. Akisoma Chuo Kikuu cha Vilnius alijiunga na chama cha siri cha wanafunzi, na mwaka 1823 akakamatwa pamoja na wenzake. Mwaka 1831 alishika silaha katika uasi dhidi ya Urusi. Uasi ulishindwa, naye akakimbilia Prussia, kisha Ufaransa.

Huko Paris alisomea madini. Mwaka 1838 akapata kazi ya kufundisha kemia na elimu ya madini katika mji wa La Serena, mkoa wa Coquimbo, kaskazini mwa Chile. Mkataba ulikuwa wa miaka sita. Alisaini akiwa na nia ya kurudi kwao baadaye.

Kwa nini Chile ilimhitaji? Nchi ilikuwa na shaba na fedha nyingi. Mwaka 1832 Juan Godoy, mtu wa hali ya chini, alivumbua fedha huko Chañarcillo, na watu wakafurika jangwani. Lakini jiwe halisemi lina nini ndani. Mchimbaji asiyejua kupima hutegemea neno la mnunuzi.

Domeyko aliwafundisha vijana kupima. Jiwe husagwa, unga wake hupimwa kwenye mizani, kisha huyeyushwa pamoja na risasi. Risasi hubeba fedha yote. Baadaye risasi hiyo huchomwa katika kikombe kidogo cha majivu ya mifupa. Kikombe huinyonya risasi, na juu yake hubaki tone la fedha. Ukilipima tone hilo, unajua mzigo mzima una fedha kiasi gani. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha upimaji huo, na mwaka uliofuata kitabu cha elimu ya madini, vyote kwa Kihispania.

Shule zilipofungwa alipanda mnyama na kwenda jangwani na milimani, mgodi hadi mgodi. Alichukua vipande vya mawe, akavichunguza na kuvitunza. Atacama ina hazina yake ya pekee. Kwa kuwa mvua ni adimu sana, madini ambayo kwingine yangeyeyuka na kusombwa na maji hubaki palepale. Mojawapo ni atakamiti, jiwe la kijani lenye shaba na klorini, lililopewa jina la jangwa hilo.

Katika machimbo ya Arqueros, karibu na La Serena, Domeyko alichunguza fedha iliyochanganyika na zebaki. Wachimbaji wetu wanajua kwamba zebaki hushika dhahabu, lakini wao huitia kwa mikono yao. Kule Arqueros mchanganyiko ulikuwa umejifanya wenyewe ndani ya mwamba. Mwaka 1845 mtaalamu wa Austria, Wilhelm Haidinger, aliyapa madini mengine ya Chile, yenye shaba na aseniki, jina la domeikiti, kwa heshima yake.

Mwaka huohuo Domeyko alisafiri kusini, nchi ya Wamapuche, waliokuwa bado wanajitawala. Wapo waliotaka watiishwe kwa bunduki. Yeye aliandika kitabu akipinga njia hiyo. Mtu ambaye kwao kulitawaliwa kwa nguvu alijua uchungu wake.

Miaka sita ikapita, na kwao bado kulikuwa chini ya Urusi. Akahamia Santiago, akaoa Mchile na kupata watoto. Kuanzia mwaka 1867 hadi 1883 aliongoza Chuo Kikuu cha Chile. Mwaka 1884 ndipo alipofunga safari ya kwao, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Alikaa Ulaya miaka kadhaa, kisha akarejea Chile, na huko alifariki Januari 1889.

Leo safu ya milima katika Atacama inaitwa Domeyko, na ukanda huo una baadhi ya migodi mikubwa ya shaba duniani. Mjini La Serena, mawe yako katika makumbusho yenye jina lake.

Urithi wake mkubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni wale vijana waliojifunza kupima. Wachimbaji wengi wa kwetu bado huuza mawe kwa kukadiria kwa macho. Kabla hujakubali bei, tafuta mahali pa kupimia. Mizani na moto havina upendeleo kwa mnunuzi.