Daktari Meg Patterson na Mateso ya Kasumba

Safari hii tumemchagua mama mmoja daktari, ambaye habari zake zinatugusa sisi wazazi wa Sumbawanga na Ufipa nzima.

Meg Patterson alizaliwa Aberdeen, Uskoti, mwaka 1922. Alisomea upasuaji, akaenda India kuhudumu katika hospitali ya misheni huko Ludhiana. Mwaka 1964 alihamia Hong Kong pamoja na mumewe, George, akafanya kazi katika hospitali ya Tung Wah. Wagonjwa wengi huko walikuwa wametekwa na kasumba na heroini.

Mwaka 1972 daktari mwenzake, H. L. Wen, alikuwa akituliza maumivu ya upasuaji kwa sindano za Kichina zilizopitishiwa umeme mdogo. Ndipo mgonjwa mmoja aliyezoea kasumba akaeleza jambo ambalo halikutarajiwa: mateso ya kukosa dawa, ambayo vijana wetu huyaita arosto, yalikuwa yametulia. Wengine wangalilipuuza neno la mtu kama huyo. Patterson alilishika.

Mwaka 1973 alirudi Uingereza. Aliacha sindano, akatumia vibandiko nyuma ya masikio na mashine ndogo ya kuchukulika. Mwaka 1974 alimtibu mpiga gitaa Eric Clapton, na sifa zake zikaenea.

Hata hivyo, haikuwa tiba ya miujiza. Jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 1984 lilionyesha kwamba umeme ulisaidia kidogo kuliko methadoni, dawa ya kunywa ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Patterson alifariki mwaka 2002. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu kifaa cha umeme kinachobandikwa nyuma ya sikio ili kupunguza arosto. Kifaa hicho humvusha mtu siku za kwanza tu. Zile zinazofuata anahitaji watu.

Sisi tuliofundisha miaka mingi tuna deni hapa. Kijana alipokamatwa na bangi tulimchapa viboko, kisha tukamfukuza shule. Yupo mmoja tunayemkumbuka hadi leo, maana hatukumwuliza hata swali moja.

Basi, akionekana kijana wa namna hiyo mtaani kwetu, tusimfungie mlango. Tumsikilize kwanza, halafu tumsindikize hospitali, na akirudi tumpokee.