Alilishwa na Mama Fua Akiwa Amesota, Akaomoka Kuwa Mfalme: Stori ya Han Xin na Watu Watatu Aliorudi Kuwatafuta

Hebu fikiria kidogo. Kuna mtu alikutoa njaa ukiwa huna mbele wala nyuma. Labda ni mathee wa kibanda aliyekuwekea chapo madondo kwa deni na hakukukumbusha. Labda ni jirani aliyekuachia kochi ulale wakati landilodi alikuwa amepiga keja yako kufuli. Yuko wapi saa hii? Namba yake bado uko nayo?

Kaa na hilo swali, maana leo nakuletea stori ya msee wa China anaitwa Han Xin. Alikufa mwaka wa 196 KK, yaani zaidi ya miaka 2,200 imepita, na bado Wachina wanamtaja. Kwanza, alikuwa jenerali mkali, wale wa kushinda vita hesabu ikionyesha watachapwa. Pili, alipoomoka alirudi mtaani kutafuta watu waliomjua akiwa hana kitu. Walikuwa watatu, na kila mmoja alipata chake.

Alikuwa amesota mbaya

Han Xin alitoka Huaiyin, mahali ambapo leo pako ndani ya mji wa Huai'an, mkoa wa Jiangsu, mashariki mwa China. Hakuwa mtoto wa sonko. Kazi ya serikali alikosa kwa sababu hakuna mtu angempendekeza. Biashara nayo hakuiweza. Akabaki wa kuzungukia maboma ya watu saa ya dishi, na unajua vile mtaa huongea kuhusu mtu kama huyo. Wengi hawakumpenda.

Mamake alipokufa, hakuwa na doo ya mazishi. Lakini cheki akili ya huyu kijana: alimtafutia mahali pa juu, peupe, penye nafasi ya familia 10,000 kuishi kando ya hilo kaburi. Yeye mwenyewe hajui jioni atakula nini, na anamzika mama kama mama wa mfalme. Ndoto alikuwa nazo. Shida ilikuwa tumbo.

Mzee wa mtaa na bibi yake

Karibu na hapo kulikuwa na kiongozi wa kijiji kimoja kinaitwa Nanchang. Mchukulie kama mzee wa nyumba kumi. Han Xin alikula kwake miezi kadhaa, mpaka bibi ya mzee akachoka. Hakumwambia usoni. Siku moja aliamka mapema, akapika, wakala wakiwa bado kitandani. Han Xin kufika saa ya chakula, hakuna kitu. Akasoma rada, akakasirika, akatoka na hakurudi tena.

Usikimbilie kumhukumu huyo mama. Kulisha mtu mzima asiye wako kwa miezi si mchezo. Lakini weka hiyo picha kando, itakuja kuhesabiwa.

Mama fua wa mtoni

Sasa Han Xin akawa anaenda kuvua samaki mtoni, chini ya ukuta wa mji. Samaki wenyewe hawakuwa wanatosha. Hapo mtoni kulikuwa na wamama wakisuuza nyuzi za hariri. Kibarua tu, kama mama fua unayemjua, ule anaamka mapema kutafuta nguo za kufua ndio watoto wale.

Mmoja wao aliona kijana amefifia kwa njaa. Akagawa chakula chake, akampa. Kesho yake akampa tena. Ikaenda hivyo kwa makumi ya siku, mpaka ile kazi ya kusuuza ikaisha. Hakuwa jamaa yake, na si kwamba alikuwa na cha ziada.

Han Xin alifurahi, akamwambia kwamba siku moja atamlipa vizuri. Unadhani mama alitabasamu? Alikasirika! Alimwambia kwamba yeye ni mwanaume mzima na hawezi kujilisha, na kwamba alimpa chakula kwa kumhurumia, si kwa kungoja malipo. Kwa ufupi, alimtolea uvivu kisha akaendelea na kazi yake. Hiyo ni aina ya wema unaouma kidogo, na pengine ndiyo sababu haukumtoka kichwani.

Kutambaa mbele ya soko nzima

Kuna kijana wa upande wa wachinjaji alikuwa anapenda kumsumbua. Han Xin alikuwa mrefu na alipenda kutembea na upanga. Siku moja huyu jamaa akamsimamisha mbele ya watu. Akamwambia kama ana roho amdunge na huo upanga, na kama anaogopa, apite katikati ya miguu yake.

Han Xin alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha akainama, akatambaa, akapita. Soko lote likaangua kicheko.

Jiulize ungefanya nini hapo. Upanga uko mkononi na kila mtu anakucheka. Ukimdunga, hiyo dakika moja umeshinda, halafu maisha yako yote imeishia hapo kwa kosa la kuua. Han Xin alipiga hesabu haraka kuliko hasira yake.

Mambo yakageuka

Mwaka wa 209 KK, watu waliamka dhidi ya serikali ya Qin, na nchi yote ikawaka. Han Xin akachukua upanga wake akajiunga na waasi. Huko nako hakutambulika. Alimtumikia jemadari mkubwa anaitwa Xiang Yu, akampa mashauri, lakini yote yalipuuzwa.

Akahepa, akaenda upande wa Liu Bang. Nusura afe huko. Alihusishwa na kosa, na wenzake 13 wakakatwa vichwa. Ilipofika zamu yake, aliinua macho akaona afisa mmoja, Xiahou Ying, akamuuliza kwa nini bwana wao anaua watu wenye uwezo ilhali anataka kutwaa nchi. Afisa alishangaa, akamwachilia.

Baadaye Xiao He, mtu wa karibu sana wa Liu Bang, aliongea naye akagundua huyu si wa kawaida. Han Xin alipokata tamaa na kutoroka, Xiao He alimfuata bila hata kuaga. Liu Bang aliambiwa kwamba Xiao He mwenyewe amehepa, akachanganyikiwa kabisa. Siku moja mbili hivi, Xiao He akarudi, na sharti lake lilikuwa moja: Han Xin apewe jeshi lote. Akapewa, kwa sherehe rasmi, na majenerali wengine wakabaki midomo wazi.

Kilichofuata ni historia. Mwaka wa 204 KK, pale Jingxing, alipanga askari wake mgongo ukiwa mtoni, mahali ambapo hakuna pa kukimbilia, wakapigana kama watu ambao hawana kesho. Wakati huo huo, wapanda farasi wake 2,000 waliingia kambi ya adui iliyoachwa wazi na kupandisha bendera zao nyekundu. Adui kugeuka nyuma na kuona hivyo, akili ikawaruka. Mwaka wa 202 KK, pale Gaixia, alimmaliza nguvu Xiang Yu, yule yule aliyempuuza. Liu Bang akawa mfalme mkuu wa nasaba ya Han, na Han Xin akapewa ufalme wa Chu. Ndani yake kulikuwa na mtaa wao wa zamani.

Kurudi nyumbani

Yaani chini ya miaka minane tangu vita vianze, kijana wa kuomba chakula sasa ndiye mfalme wa eneo. Wengi wakifika hapo hubadilisha namba. Yeye aliita watu watatu.

Wa kwanza, mama fua. Alimpa dhahabu elfu moja. Mama aliyemwambia kwamba hangoji malipo, alilipwa kuliko mtu yeyote.

Wa pili, mzee wa Nanchang. Alipewa sarafu 100 tu, na kuambiwa kwamba ni mtu mdogo kwa sababu alianza wema akauachia njiani. Hapo unaweza kubishana na Han Xin. Miezi kadhaa ya chakula ni mingi kuliko ile ya mama fua. Lakini mmoja alimfungia mlango kimya kimya, mwingine alitoa mpaka kazi yake ya mtoni ikaisha. Hakuhesabu sahani, alihesabu roho iliyozitoa.

Wa tatu, yule mchokozi wa sokoni. Huyu lazima alikuja akijua leo ni mwisho. Lakini Han Xin alimpa kazi! Akamfanya afisa wa kulinda usalama wa mji. Aliwaeleza majenerali wake kwamba angeweza kumuua siku ile, lakini kumuua kusingempa jina lolote. Alivumilia, ndio akafika hapo alipo.

Moyo huo huo ukamponza

Hii sehemu watu hupenda kuiruka. Kabla ya vita kuisha, mshauri anaitwa Kuai Tong alimwambia Han Xin aachane na Liu Bang na achukue theluthi ya nchi iwe yake. Alimwonya kwamba ushindi wake umekuwa mkubwa mno na bosi ataanza kumwogopa. Han Xin alikataa. Sababu yake ni kwamba Liu Bang alimpandisha gari lake, akamvika nguo zake, akamlisha chakula chake. Umeona? Mtu akimlisha, hamsahau.

Lakini Liu Bang hakuwa mama fua. Mwaka wa 201 KK Han Xin alishtakiwa kwamba anapanga uasi, akakamatwa kwa ujanja na kupokonywa ufalme. Mwaka wa 196 KK, Malkia Lü akapanga na Xiao He, yule yule aliyemkimbilia usiku na mchana, wakamvuta hadi ikulu. Akauawa huko, na familia yake ikafyekwa.

Kwa hivyo usichukue hii kama stori ya kwamba ukitenda mema utalipwa mema. Han Xin mwenyewe hakulipwa. Lakini lile deni la mtoni alilimaliza mama akiwa hai, akiwa na macho ya kuona kijana wake amekuwa nani. Alikuwa na miaka sita tu kabla ya kufa, na hakuijua hesabu hiyo. Angesema atatafuta huyo mama mambo yakitulia, hayangetulia.

Leo pale Huai'an kuna hekalu la kumkumbuka huyo mama. Jina lake halikuandikwa, kinachokumbukwa ni chakula chake. Wachina nao wana msemo mpaka leo, kwamba mlo mmoja ni sawa na dhahabu elfu moja.

Wewe huna dhahabu elfu moja, najua. Lakini ile namba bado iko kwa simu yako. Pigia yeye leo, kabla hujaomoka.