Tingatinga: Kibarua wa mkonge aliyegeuza ubao wa dari kuwa soko

Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, tingatinga ni trekta au mtambo wa kusukuma udongo. Kwa wanaouza vinyago na mapambo kwa watalii, ni picha ya chui mwenye madoa, twiga au tausi juu ya ubao unaong'aa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hilo lilikuwa jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, na kwamba alichora kwa takriban miaka minne tu kabla ya kuuawa kwa risasi mwaka 1972.

Alichotumia si kitu cha kutafutwa mbali. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Mbale, mji unaopitiwa na mto Nabuyonga, anakifahamu vizuri, na mwenzake wa Jinja vilevile. Ni ubao mwembamba wa kuzibia dari, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa, pamoja na makopo madogo ya rangi ya mafuta inayopakwa kwenye fremu za baiskeli. Fundi hununua vitu hivyo, akamaliza kazi yake na kusahau. Tingatinga aliviona kwa jicho jingine.

Kutoka Tunduru hadi Tanga

Mwaka wake wa kuzaliwa hutajwa kuwa 1932. Alizaliwa katika familia ya wakulima maskini wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mkristo, ndiyo maana akabeba Edward na Saidi kwa pamoja. Tingatinga lilikuwa jina la upande wa baba.

Kusini wakati huo hakukuwa na ajira ya maana. Kama vijana wengi wa rika lake, katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kufanya kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Mkonge ndio ulioiletea Tanganyika fedha nyingi za kigeni, lakini mkataji wa majani alibaki na malipo madogo na mikono yenye makovu.

Mwishoni mwa miaka hiyo alihamia Dar es Salaam, kwa ndugu yake aliyekuwa mpishi katika nyumba ya Mwingereza. Yeye akapata kazi ya kutunza bustani katika nyumba hiyohiyo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 na mwajiri wao akaondoka, Tingatinga akabaki mjini akiishi kwa kazi za kuokoteza. Alifanya vibarua, akauza mboga mitaani, akapiga muziki. Hakuwahi kuingia chuo chochote cha sanaa.

Ubao na kopo la rangi

Alianza kuchora karibu mwaka 1968. Inasimuliwa kwamba aliona wachoraji kutoka Kongo wakiuza picha zao katika mitaa ya Dar es Salaam, na wateja wakitoa fedha. Alichojifunza kwao kwanza kilikuwa cha kibiashara: picha inaweza kuuzwa kama mchicha unavyouzwa, na muuzaji halazimiki kuwa na duka.

Kitambaa cha kuchorea na rangi za wasanii vilitoka ng'ambo na bei yake haikuwa ya muuza mboga. Ubao wa dari ulipatikana madukani, ukakatwa mraba wa kama futi mbili kwa mbili, ukabebeka kwapani. Rangi ya baiskeli iliuzwa kwa kopo dogo, hukauka haraka, haitoki kwa maji na hung'aa bila kupakwa kitu kingine juu yake.

Vifaa hivyo ndivyo vilivyoipa picha sura yake. Rangi ya namna hiyo haichanganyiki kwa urahisi ili kutoa vivuli vya taratibu, hivyo Tingatinga alipaka usuli wote kwa rangi moja au mbili, kisha juu yake akamweka mnyama mmoja mkubwa, mwenye mistari iliyokoza na madoa yaliyohesabika. Chui wake hafanani na wa kwenye kitabu cha sayansi. Ana macho ya mtu na mwili uliopinda ili utoshe kwenye ubao. Mteja aliyeiona mara moja aliweza kuitambua nyingine akiwa upande wa pili wa barabara.

Soko la Oysterbay

Eneo la kuuzia nalo lilichaguliwa kwa hesabu. Picha ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo mabalozi, wataalamu wa kigeni na wake zao walinunua mahitaji ya nyumbani. Mkewe, Agatha Mataka, alishiriki kuuza huku mume akichora. Baadaye kampuni ya umma iliyoshughulikia sanaa ilianza kuchukua kazi zake, na kipato kikaanza kuwa cha kutegemewa. Hata hivyo hakuacha kutafuta pengine. Alipata kazi ya uhudumu katika Hospitali ya Muhimbili na akaendelea kuchora.

Oda zilipozidi nguvu za mikono miwili, alifanya kile ambacho mafundi seremala na mafundi cherehani hufanya: aliwaita ndugu na vijana wa kwao. Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo na Simon Mpata ni miongoni mwa waliojifunza kwake. Walianza kwa kujaza usuli na kuweka madoa, kisha wakachora picha zao wenyewe.

Usiku mmoja wa mwaka 1972, Tingatinga alikuwa ndani ya gari jijini Dar es Salaam. Polisi waliwadhania waliokuwemo kuwa ni wahalifu wanaotoroka, wakafyatua risasi. Alifariki akiwa na umri wa takriban miaka 40. Aliacha mjane na watoto wawili wadogo.

Jina lililovuka mipaka

Biashara nyingi za mtu mmoja huzikwa na mwenyewe. Hii haikuzikwa, kwa sababu ujuzi ulikuwa tayari mikononi mwa wengine. Wanafunzi wake walikusanyika na kuendelea kuuza palepale, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kinachobeba jina la mwalimu wao. Simon Mpata, ndugu yake wa mzazi mmoja, alivuka mpaka akachora nchini Kenya hadi alipofariki mwaka 1984. Kazi zake zilipendwa sana Japani, na hoteli moja ya kitalii huko Maasai Mara ilipewa jina la Mpata. Mwaka 2010, katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo huo zilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Uingereza.

Kwa njia hiyo, wazo lililochochewa na Wakongo likachorwa na mtu wa Tunduru, likafanyiwa kazi Kenya na kununuliwa Ulaya na Japani. Yote yalianza miongo kadhaa kabla Kongo haijajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Lakini jina nalo limegeuka kuwa mali ya kila mtu. Leo tingatinga ni aina ya picha, kama kitenge kilivyo aina ya nguo. Wanaoichora wengi wao hawakuwahi kumwona mwenye jina, na zipo picha bandia zilizotiwa saini yake ili ziuzwe kwa bei ya juu kwa wakusanyaji wa Ulaya. Kazi halisi za mkono wake ni chache, kwa kuwa miaka minne haitoshi kujaza ghala. Kwa mchuuzi anayebeba picha hizi kutoka nchi moja kwenda nyingine, kinachofaa kuangaliwa kwanza ni jina la mchoraji kwenye kona ya ubao. Mchoraji huyo yuko hai na anasubiri malipo yake, na ubao anaochorea bado unapatikana katika duka la vifaa vya ujenzi.